Fedha za Mama na Gari la Gatitu



Huu ni mwaka wa tatu tangu kazi itutoe Mombasa na kutuleta Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Tulikuja sisi wawili, mume na mke, pamoja na watoto wetu na masanduku ya nguo ambazo baada ya wiki moja tulitambua kuwa hazifai. Aliyelelewa katika joto la Kibokoni haijui baridi ya Nyeri mwezi wa Julai mpaka imwingie mifupani. Ukungu hushuka tangu alfajiri, na kuna siku jua halionekani hadi adhuhuri. Tulizoea, alhamdulillahi. Mwaka jana mama alipomaliza eda ya marehemu baba tulimchukua aishi nasi, na hapo ndipo inapoanzia habari hii.

Mama ana maradhi ya magoti na shinikizo la damu, na kila mwezi huhudhuria kliniki katika hospitali kuu ya kaunti mjini Nyeri. Safari si ndefu, lakini kwa mtu wa umri wake kusimama kituoni penye umande, kisha kukunjwa katika kiti cha nyuma cha matatu, ni mtihani. Siku moja ya mvua alirudi buibui limelowa hadi magotini. Hakulalamika. Alibadilisha nguo, akaswali, akaomba chai ya tangawizi.

Siku chache baadaye alituita chumbani kwake. Nyumba ya marehemu kule Mombasa ilikuwa imeuzwa na warithi wamegawana kwa sharia, na fungu lake la thumuni, shilingi 1,100,000, lilikuwa limekwisha kufika. Akatuambia, "Ninunulieni gari, wanangu. Lakini nina masharti mawili. Msinitie katika riba, wala msininunulie ila ya mtu."

Fedha ya mtu mwingine ni nzito kuliko yako mwenyewe, na hii ilikuwa fedha ya mjane, ya mwisho kuipata kutoka kwa mumewe. Tunaandika makala haya kwa sababu tulikaribia kuipoteza sehemu yake, na kwa sababu yaliyotuokoa ni mambo madogo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya.

Milango mitatu

Anayetaka gari lililotumika hapa Kenya ana milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni mtu binafsi anayeuza gari lake. Wa pili ni zile yadi za kando ya barabara zenye magari yaliyoagizwa kutoka Japani na kwingineko. Wa tatu ni wakala rasmi wa kiwanda, yaani kampuni iliyopewa na mtengenezaji haki ya kuuza magari yake mapya nchini, kuyahudumia katika karakana yake na kuuza vipuri vyake halisi. Wengi wetu hudhani mlango huu ni wa serikali na mashirika pekee. Kumbe wakala huuza pia yaliyotumika. Mteja anayetaka gari jipya huleta lake la zamani, likathaminiwa na thamani yake ikapunguzwa katika bei ya jipya, kisha lile la zamani likakaguliwa na kuuzwa tena.

Magari mengi tunayoyaona yakipanda kuelekea Mlima Kenya yamepitia kwetu pwani. Yaliyotumika ng'ambo hushushwa Kilindini, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliyakubali yaliyozidi miaka minane tangu yasajiliwe kwa mara ya kwanza huko yalikotoka. Mengine huunganishwa humu nchini yakiwa mapya, katika viwanda kama Associated Vehicle Assemblers pale Mombasa, Kenya Vehicle Manufacturers mjini Thika na Isuzu East Africa jijini Nairobi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi. Gari lililotumika Japani limeishi maisha yake ya kwanza mbali na macho yetu. Tunayajua kwa karatasi ya mnada tu, ikiwa muuzaji ataitoa na ikiwa haikughushiwa. Lakini gari lililouzwa jipya na wakala, likahudumiwa katika karakana yake, kisha likarudishwa kwake, huwa limeacha nyayo katika daftari za wakala huyo huyo: tarehe za huduma, kilomita zilizosomwa kila mara, vipuri vilivyobadilishwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa ya mlango wa tatu, nayo ina gharama yake. Gari dogo la familia tuliloliona yadini Nyeri kwa shilingi 1,150,000, la aina hiyo hiyo na umri huo huo kwa wakala lilitajwa kwa shilingi 1,390,000.

Kosa letu

Tuliliona gari hilo la wakala katika picha kwenye simu. Lilikuwa jeupe, linang'aa, na mita yake ilisoma kilomita chache. Tukapiga simu Nairobi. Kijana wa mauzo, mwenye ulimi laini na adabu nyingi, akatwambia kuwa wateja wengine wawili wanalitaka siku hiyo hiyo, na kwamba kwa arbuni ya shilingi 50,000 angetuwekea hadi Jumamosi. Tulituma fedha kabla ya kuliona gari kwa macho. Risiti ilipokuja tulisoma chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba arbuni hairudishwi.

Mama alipoulizia tulimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Jumamosi nami nitakwenda."

Hapa Gatitu tuna jirani yetu, mzee fundi ambaye amezeeka na magari ya wakulima wa kahawa na chai wa vilima hivi. Si Mwislamu, lakini ni mtu wa ukweli, na tangu tuhamie hajatutoza senti ya bure. Tulimwomba afuatane nasi tukamlipa siku yake ya kazi. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, tukashuka kwa njia ya Marua, Karatina na Sagana, na saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya lile gari jeupe.

Mzee hakutazama rangi. Aliomba injini isiwashwe kwanza, akaigusa kwa kiganja kuhakikisha kuwa imelala baridi, kwani injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Kisha akalala chali sakafuni na kurunzi mkononi. Alipotoka alituita sisi, watu wa pwani, tutazame wenyewe. Chini ya gari, kando ya vyuma vya tumboni, palikuwa na kutu ile tunayoijua sote tuliokulia kando ya bahari, inayokula chuma kwa chumvi kama mchwa alavyo boriti. Gari lile lilikuwa limeishi kwetu kabla ya kuja kung'arishwa Nairobi.

Kutu peke yake haikuwa mwisho wa dunia. Tulimwomba kijana atoe kumbukumbu za huduma kutoka karakana yao. Alisema gari halijawahi kuguswa. Hapo mama, aliyekuwa ameketi kimya muda wote, akamwita karibu naye. "Mwanangu," akamwambia, "sikuulizi bei. Nakuuliza gari hili lina ila gani, uijuayo na ambayo hujaitazama."

Kijana alisita. Akasema, "Mama, nipe dakika chache." Aliporudi alikuwa na karatasi mbili mkononi na uso mwingine. Katika kumbukumbu mlikuwa na pengo la miezi 20 bila huduma yoyote, na baada ya pengo hilo giaboksi ilikuwa imefunguliwa na kutengenezwa. Alitwambia kuwa hakuwa amezisoma karatasi hizo hadi dakika ile. Tulimwamini, lakini kutosoma kwake kungetugharimu sisi.

Sharia na sheria

Wanazuoni wetu wameyaeleza haya kwa karne nyingi. Muuzaji analazimika kuitaja ila anayoijua. Mnunuzi aliyekuta ila iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa ana khiari ya kukirudisha kitu, na katika madhehebu ya Shafii anatakiwa aitumie khiari hiyo mara tu anapoigundua ila, bila ya kuchelewa. Vilevile wawili hao wanaweza kuwekeana sharti la khiari la muda usiozidi siku tatu. Kuhusu arbuni ambayo mnunuzi akighairi huliwa bure, wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu, hawakuipitisha. Mahanbali ndio walioiruhusu. Ilituingia haya kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumejitia katika mkataba ambao laiti tungemuuliza sheikh mapema asingetushauri kuuingia.

Sheria ya nchi nayo haikumwacha mnunuzi peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari zinazohitajika ili afaidike nazo. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameudhamini ubora huo. Haki hizi zipo, lakini anayeshika karatasi mkononi huzidai kwa urahisi zaidi kuliko anayeshika kumbukumbu ya mazungumzo ya simu.

Tulimwomba meneja, tukamweka kijana kando asije akaadhiriwa, tukaeleza kwa utulivu: tuliambiwa gari halijaguswa, na karatasi zenu wenyewe zinasema limeguswa. Hakukubali kuzirudisha zile shilingi 50,000 mkononi. Alikubali zihesabiwe katika bei ya gari jingine lolote tutakaloridhika nalo mahali pale. Hatukuona kuwa ni haki kamili, lakini tuliona ni njia ya kutokea.

Gari lisilong'aa

Gari tulilolinunua lilikuwa la rangi ya kijivu, na mita yake ilisoma kilomita nyingi zaidi ya lile jeupe. Bampa la nyuma lilikuwa na mkwaruzo. Lakini kumbukumbu zake za huduma hazikuwa na pengo hata moja, na kilomita zilikuwa zikipanda kidogo kidogo kutoka huduma moja hadi nyingine, jambo linaloonyesha kuwa mita haikurudishwa nyuma. Mzee aliliwasha likiwa baridi, akalipandisha mlima, akalifunga breki, akasikiliza. Alisema neno moja tu kwa Kiswahili chake cha Nyeri: "Hii imetunzwa."

Bei yake ilikuwa shilingi 1,230,000. Zilipungua 130,000. Kijana alitukumbusha kuwa ipo benki iliyo tayari kutukopesha kwa riba nafuu, na mama akatabasamu tu. Tulitoa fedha hizo katika akiba yetu, tukampa mama kama hiba.

Kwa msomaji ambaye pengo lake ni kubwa kuliko letu, ziko benki za Kiislamu nchini, kama Gulf African Bank, iliyofunguliwa 2008, ambazo hutumia murabaha. Benki hulinunua gari kwanza likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya mkataba, nawe ukailipa kwa mafungu bila ya bei hiyo kupanda. Uliza mambo mawili: je, benki italimiliki gari kabla ya kukuuzia? Na je, ukichelewa kulipa, faini inakwenda kwa nani? Ikiwa benki inakupa fedha tu na kukudai zaidi, jina la Kiarabu juu ya karatasi halibadilishi kitu.

Kabla ya kulipa tuliomba kila tulichoambiwa kiandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Si ajabu basi kuwa mama hakuona aibu kumsubirisha kijana achape upya. Yaliandikwa haya: namba ya chesisi na ya injini, kilomita za siku ile, kwamba gari halikupata ajali wanayoijua, na kwamba kwa miezi mitatu wakala ataigharimia injini, giaboksi na mfumo wa kupoza maji, vipuri na kazi. Mzee fundi alitia saini kuwa shahidi.

Karatasi ilipojaribiwa

Mwezi wa pili tulikuwa tukirudi kutoka Nairobi. Katika mpando wa kuelekea Karatina sindano ya joto ilipanda na mvuke ukatoka chini ya boneti. Tulizima gari, tukamwita mzee kwa simu. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha.

Tulimpigia meneja, naye akauliza jambo moja: ile karatasi tunayo? Tulikuwa nayo. Gari lilirudishwa kwenye karakana yao, pampu ikabadilishwa, na hatukutozwa kipuri wala kazi. Lakini kulivuta gari hadi huko kulitugharimu shilingi 18,000, na tulipodai, tuliambiwa kwa upole tusome mkataba. Tulisoma. Neno kuvuta halikuwamo. Waliyoyaandika waliyatimiza yote, na tulilolisahau tukalilipa wenyewe.

Hilo ndilo tulilojifunza kuhusu mlango wa tatu. Ile shilingi laki na zaidi unayoiongeza kwa wakala unamnunulia mtu wa kukujibu kesho, mwenye anwani na jina la kulinda. Lakini atajibu kwa kadiri mlivyoandikiana. Asiyeomba maandishi amelipa bei ya wakala na kupata dhamana ya yadi.

Jina katika hati

Limebaki jambo moja, na tunaliandika kwa ajili ya kina mama hasa. Siku ya kuhamisha umiliki, mmoja wetu alipendekeza gari lisajiliwe kwa jina la mume. Mama haendeshi, hana mazoea ya mitandao, na bima ingekuwa rahisi. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini kwa Sheria ya Trafiki, ambaye jina lake limo katika usajili huhesabiwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama ana watoto wengine, na umri una mwisho. Kesho na kesho kutwa, nani angethibitisha kuwa thumuni ya mjane ndiyo iliyolinunua gari lililo kwa jina la mwanawe? Tumeona jamaa wakinuniana miaka kwa kiwanja na kwa cherehani, sembuse gari.

Kwa hiyo tulimsaidia mama kufungua akaunti yake ya eCitizen, zilimo huduma za NTSA, tukatumia namba yake mwenyewe ya KRA. Muuzaji alianzisha uhamisho, mama akaukubali kwa kidole chake juu ya simu. Sheria haitaki gari litumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa, na hatukufika hata siku ya tano. Hati ilipofika, ile ambayo sote huiita logbuku, mama alivaa miwani na kusoma jina lake herufi kwa herufi.

Kwa ufupi

Atakayekwenda kununua, kwa wakala au kwa mwingine, na ayashike haya. Usitume arbuni kwa gari usiloliona. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Likute gari likiwa baridi, na tazama chini yake, hasa likiwa limeishi pwani. Omba kumbukumbu zote za huduma na tafuta mapengo. Angalia katika rekodi za NTSA kuwa anayeuza ndiye mwenye gari, na kuwa jina la benki halimo ubavuni mwa jina lake. Uliza wazi, mbele ya shahidi, gari lina ila gani. Andikianeni dhamana ni ya nini, ya muda gani, na nani atalipa gari likikwama njiani. Kisha andika hati kwa jina la aliyetoa fedha.

Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya kliniki. Ukungu ulikuwa mzito hata hatukuiona njia panda ya Gatitu mpaka tulipoifikia. Mama alikaa nyuma na blanketi lake magotini, tasbihi mkononi, akatuuliza kama mafuta ya gari yanatosha, kwani gari ni lake na hataki kudaiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kuuza na kununua kwetu, na atuepushe na kula haki ya mwingine. Wabillahi tawfiq.